Bunduki ndani ya friza ya barafu

Mlango wa chumba changu hukwama kila masika. Ukija Aprili hapa Ngamiani, Tanga, unausukuma kwa bega, ukija Februari unafunguka wenyewe kwa upepo wa kaskazi. Mimi ni seremala, hilo halijanishangaza hata siku moja. Ila ilinichukua miaka kugundua kwamba bunduki ya marehemu baba, ya mtindo wa Mauser, ambayo kibali chake sasa kina jina langu, inaugua ugonjwa huohuo. Nililaumu darubini, nikalaumu risasi, mwisho nikalaumu macho.

Nilitoa bolti, lile komeo la chuma linalofungia risasi ndani, nikaifungia kabatini, kisha nikapitisha noti ya elfu moja kati ya mtutu na ubao unaoubeba, kuanzia mbele kurudi nyuma. Ilikwenda shubiri moja ikagoma. Ubao ulikuwa umevimba na kuulalia mtutu upande wa kushoto. Ukikauka unauachia, ukilowa unausukuma tena, na shabaha inahama kwa majira kama wavuvi.

Nikajiambia hii ni kazi ya mbao. Chuma sikukikata wala kukichonga. Hicho ni cha fundi mwenye leseni.

Nilianza na msasa uliozungushiwa kipande cha bomba, nikasugua mfereji wa mtutu mpaka noti ikapita huru hadi karibu na chemba, lile kasha la chuma linalopokea bolti. Tatizo jipya: ubao wa mbele ulibaki mwembamba, ukiubana kwa vidole unapinda. Nikachimba mfereji mwingine kwa patasi, chini ya ule wa mtutu, nikalaza humo nondo ya milimita 6 na kuifunika kwa gundi ya epoksi. Kabla ya hapo mzee mmoja, fundi wa majahazi, alikuwa amenionya: "Mwanangu, gundi na mafuta hazikai nyumba moja." Kweli, ubao ulikuwa umekunywa mafuta ya bunduki miaka mingi. Niliufuta kwa thina mara nne, kitambaa kikaacha kutoka cheusi.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuikalisha chemba. Chini yake, mbele, kuna jino la chuma linalopeleka teke la risasi kwenye ubao. Jino likicheza, bunduki haikai mahali pamoja risasi mbili mfululizo. Nilichimba milimita 2 hivi za mbao kulizunguka, na vilevile nyuma kwenye mkia wa chemba, ili nijaze epoksi ishike umbo la chuma. Jino nikalibandika utepe mbele, ubavuni na chini, ili gundi iache nafasi huko. Nyuma sikubandika kitu, maana huko ndiko linakotakiwa kuegemea. Matundu nikayaziba kwa nta ya mshumaa. Chuma chote nikakipaka rangi nyeusi ya viatu ili gundi isikishike.

Chote, nilidhani.

Gundi nilichagua ile inayokauka polepole, nusu kwa nusu, nikaikoroga taratibu isiingie mapovu. Ya dakika tano, kwa joto la Tanga, ingenigandia kikombeni. Nikakaza parafujo kidogo tu, nikalala.

Asubuhi parafujo zilitoka, bunduki haikutoka. Mkia sikuupaka rangi! Nilivuta, nikagonga, nikaapa. Ndipo nikakumbuka kuwa chuma na mbao vikipoa havisinyai sawasawa. Mama Salma anauza barafu za ukwaju, friza yake ni ile ndefu ya kulala. Nilisubiri aende sokoni.

Alirudi mapema.

"Baba Salma, wateja waje kununua barafu wakute bunduki?"

"Saa mbili tu, mama."

"Harufu ya Kiwi hii utainywa wewe."

Baada ya saa mbili, pigo moja la nyundo ya mbao likaiachia kwa mlio mdogo kama kuni kavu. Chuma kilianza kutoa jasho palepale, nikakikimbilia na kitambaa na mafuta kabla kutu haijaona nafasi. Alama ya jino ilikuwa safi, isipokuwa povu moja la ukubwa wa punje ya mtama, nililoliziba baadaye.

Mahali tunaporuhusiwa kulenga, mita 100, risasi tano ambazo zamani zilitawanyika upana wa sahani zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Hiyo ni Februari. Nimeshapaka vanishi ndani ya mifereji yote, na noti ya elfu moja nimeiweka kwenye droo, nasubiri Aprili.

Barafu za siku ile nilizinunua zote mimi.