Mega Man 2: jinsi nilivyopita miale ya Quick Man

Hatua nyingine za mchezo wa video wa Mega Man 2 (1988) zimekuzoesha: ukiguswa, nishati inapungua kidogo. Kwenye hatua ya Quick Man, mmoja wa mabosi wa mchezo huu, mambo hubadilika ghafla. Unadondoka shimoni, miale inachomoza kutoka ukutani, na ikikugusa mara moja tu umekufa, hata kama nishati imejaa.

Kukariri njia kulitosha kwa shimo la kwanza, ambalo ni fupi. La pili liligoma, hata nilipoacha kuokota chochote.

Dawa ni kummaliza bosi mwingine, Flash Man, kwanza ili upate silaha yake ya kusimamisha muda. Shimo la kwanza lipite bila kuitumia. Kabla ya la pili, bonyeza kitufe cha Start, uchague F (herufi ya silaha hiyo), lakini usipige bado. Hapa ndipo penye siri: silaha hii ikiwashwa hujimaliza yote, na ukifa haijazwi upya. Ukiwahi, itakauka njiani. Ukichelewa, mwale uliokwisha kutanda utaganda mbele yako, na huo bado unaua. Piga mara tu unapoingia shimoni, kisha shuka moja kwa moja.

Silaha hiyohiyo humpunguzia Quick Man nusu ya nishati, kwa hiyo inauma kuimaliza mapema. Mabomu ya bosi mwingine, Crash Man (C), yanatosha kwake.