Kibanda changu wiki ile ya faini ya Kisutu

Kipindi kile nilikua wakala wa hela za simu Tandika, kibanda kidogo, laini za mitandao yote na floti (salio la wakala la kuwekea wateja) ya kuungaunga. Jumanne ya tarehe 10 mwezi wa tatu 2020 Mahakama ya Kisutu ikatoka hukumu ya kina Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati ule na wenzake, ile kesi ya maandamano ya 2018 Kinondoni, siku ambayo yule mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji NIT, Akwilina, alipigwa risasi akiwa kwenye daladala. Faini ama miezi mitano jela. Ukijumlisha wote ni milioni 350, Mbowe peke yake 70, wakaenda kulala gereza la Segerea.

Jioni namba za kuchangia zikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Mi nikajua ni maneno tu, Watanzania tunachangiana harusi na misiba, sa kesi ya siasa nani atatoa hela yake na miaka ile watu walivyokua waoga? Kesho yake sijakaa vizuri bodaboda wa kijiweni wamejaa. Huyu anaweka buku, yule buku mbili, anayejiweza msimbazi, wanaweka hela kwenye simu halafu wanasimama palepale kutuma. Wakala yeyote anajua muamala wa buku hauna kamisheni ya maana, ila inapofuatana hivo floti inakata, mchana nina noti mkononi kibao lakini sina cha kumuwekea mtu, ikabidi nifunge nikakimbilie benki.

Kasheshe ikawa makato. Mzee mmoja fundi cherehani, jirani yangu, akaja na buku mbili yake. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, niwekee moja kwa moja kwenye namba ile ya faini. Nikamwambia siwezi, kuweka kwenye laini ya mtu ambaye hayupo hairuhusiwi, watanifungia, weka kwako kisha utume.

"Sasa nikikatwa si inapungua?"

"Inapungua kidogo mzee."

"Yani na kampuni nayo inakula hela ya wafungwa!"

Alinuna, lakini akatuma, mi ndo nikambonyezea maana macho hayaoni vizuri. Kisha akaniuliza kama kwenye daftari langu nimeandika hela imeenda wapi. Nikamuonyesha, ni namba yake, kiasi na saini yake basi, akashusha pumzi. Si yeye tu, wengi waliliangalia lile daftari kwa jicho la wasiwasi wiki ile.

Ubishi wa kwenye benchi nje ulikua mtamu kuliko biashara. Kuna kijana wa duka la spea alisema mnachanga ili muipe hela serikali ileile iliyowafunga, bora wakae ndani miezi mitano watoke. Kusema kweli hoja ilikua na uzito, faini ni mapato ya serikali, hakuna namna. Mama muuza vitumbua akamjibu wewe hujawahi kupelekea mtu chakula gerezani. Kimyaa. Na haikua wapinzani tu walochangiwa, Mashinji, mshtakiwa mwenzao aliyekua katibu mkuu wa Chadema, alishahamia CCM na CCM wakamlipia yake milioni 30, na kwa Msigwa, mbunge wao wa Iringa Mjini, ikasikika Rais Magufuli mwenyewe katoa milioni 38. Benchi lilicheka siku nzima!

Ijumaa Mbowe akatoka. Jumatatu yake ikatangazwa korona ya kwanza nchini, story zote zikageuka ndimu na tangawizi.

Mwezi wa sita 2021 Mahakama Kuu ikafuta ile hukumu na kuamuru hela irudishwe. Yule fundi akaja mbio, "nitafutie muamala wangu, nataka buku mbili yangu na makato yake." Alikua anatania, nusu. Nikamwambia mzee faini imelipwa kwa majina ya washtakiwa, ikirudi inarudi kwao. Akasema basi waiweke ya kesi nyingine, maana hawa kesi haziwaishi.

Haukupita hata mwezi Mbowe akakamatwa Mwanza, safari hii ugaidi. Fundi akaja na simu mkononi akauliza namba ya kutuma ni ileile? Ikabidi nimueleze kwamba ugaidi hauna dhamana, na hukumu hakuna, kwahiyo hakuna faini ya kuchangia. Akaniomba basi nimuwekee vocha ya jero.