Skrepu feki: tawi ndo lilinipa dume, sio kichupa

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda kulungu kwa upinde hapa Ohio nilinunua kichupa cha mkojo wa jike aliye kwenye joto, nikakimwaga chote chini ya mti, nikapanda juu nikakaa nasubiri dume aje mbio kama kaitwa kwa jina lake. Tarehe 4 Oktoba hiyo. Dume hakuja. Alikuja jike mmoja na watoto wake wawili, akanusa mara moja tu, akapiga kwato chini mara mbili tatu, akapuliza pua kwa ile sauti kama tairi linalotoa upepo, na msitu mzima ukajua nipo. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na hivyo hivyo mpaka Februari msimu ulipofungwa.

Kulungu ninaowasema ni wale wa mkia mweupe wa Marekani, sio kulungu wa Afrika, jina tumewapa tu maana tulilonalo ndo hilo. Hawa pembe zao zina matawi na zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Na skrepu ni ile sehemu dume anayoikwangua ardhini msimu wa kupandana ukikaribia, anafukua majani kwa kwato za mbele mpaka udongo ubaki mtupu, anabana miguu ya nyuma anakojoa ili mkojo upitie kwenye tezi za ndani ya miguu hiyo, halafu juu yake lazima kuna tawi limeinama, hilo analitafuna, analilamba, analisugulia paji la uso na pembeni ya macho ambako nako kuna tezi. Akitoka yeye anakuja mwingine anasoma, anaacha yake. Yaani ni kijiwe chao, kila mtu anapita kuuliza nani yupo mjini. Skrepu feki ni wewe kuwatengenezea kijiwe mahali unapotaka wewe.

Mimi sasa nilikuwa nimewatengenezea choo. Hilo nililijua siku nilipokutana na mzee mwenye shamba ninalowinda (Ohio ni lazima uwe na ruhusa ya maandishi kuwinda kwenye ardhi ya mtu, karatasi yangu huwa naikunja naweka mfukoni kila nikienda). Akaniuliza, “Na tawi lako liko wapi?” Nikamwambia mzee wangu mimi sina tawi, nina mkojo. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mkojo wanao wenyewe wa kutosha, wewe wape tawi.

Basi msimu wa pili nilianza katikati ya Septemba kabla hata msimu wa upinde haujafunguliwa, kwetu unafunguliwaga mwishoni mwa mwezi huo. Sikuchagua pale pazuri kwa macho yangu, nilichagua pale wanapopita tayari. Kuna njia ya zamani ya matrekta inapita msituni ikitoka kwenye kichaka kinene wanakolala mchana kwenda kwenye shamba la soya wanakokula usiku, na kabla hujafika nusu ya njia hiyo kuna mahali miti imebana pande zote mbili, yaani kulungu akitaka kupita bila shida atapita hapo. Hapo ndo nikaweka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeweka pembeni kabisa mwa shamba, peupe, mahali ambapo kulungu mkubwa anafika giza limeshaingia.

Tawi lilinisumbua kidogo maana hapo hapakuwa na tawi lolote la kimo kizuri. Msituni kumejaa mizabibu mwitu, nikakata kipande kinene kama kidole gumba, kirefu kama mita mbili, nikakifunga kwa kamba kwenye tawi la juu kining'inie katikati ya njia, ncha yake ikiwa usawa wa kifua changu, kama mita moja na robo kutoka chini. Ukining'iniza juu sana watoto na majike hawafiki, ukishusha sana dume anapita tu juu yake. Na kiwe cha kubembea lakini kigumu, maana dume akikitafuna anakivuta kweli kweli, kijiti kikavu kinakatika siku ya kwanza halafu kazi imeisha, mimi nilijaribu kwenye skrepu nyingine nikaikuta ncha iko chini imetafunwa kama mswaki.

Chini ya hicho kipande nikakwangua kwa fimbo duara la upana wa kama mita moja, majani yote nje, udongo mtupu mweusi. Nilivaa buti za mpira na glavu, na nilihakikisha sijashika ule mzabibu kwa mkono mtupu hata mara moja. Watu wengine watakuambia hiyo ni kujisumbua bure, mimi sibishani nao, ila glavu ni hela kidogo.

Sasa mkojo. Vichupa niliacha kabisa na sababu sio ubahili. Kuna ugonjwa wa kulungu unaitwa CWD, uligundulika kwanza Colorado mwaka 1967, unakula ubongo taratibu mpaka mnyama anakonda anakufa na hauna dawa. Unasababishwa na protini iliyoharibika inaitwa prioni, inatoka na mate, mkojo na kinyesi na inakaa kwenye udongo miaka. Hapa Ohio ulipatikana kwa kulungu wa porini mwaka 2020, kaunti ya Wyandot. Virginia wao walishapiga marufuku mkojo wa kulungu wa asili tangu 2015, kwa hiyo kama unawinda jimbo lingine soma sheria za huko kwanza kabla hujabeba kitu. Mimi nilichofanya, samahanini, nilikojoa mwenyewe. Asikuambie mtu kulungu wanakimbia, mimi wangu hawakukimbia, siku ya tatu jike alikuwa amesimama juu yake ameinua shingo analamba mzabibu kwa utulivu kabisa, macho kayafumba nusu.

Kamera, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, niliifunga kwenye mti juu kuliko kichwa changu ikitazama chini, kwa sababu mwaka wa kwanza niliifunga usawa wa uso wa kulungu na kila mmoja aliyefika alikuja kuichungulia lensi kwa karibu halafu anaondoka. Na kosa lingine la mwaka wa kwanza, hili ndo kubwa, nilikuwa naenda kuangalia picha kila baada ya siku mbili kama mtu anayefunua sufuria ya wali. Kila ukienda unaacha harufu. Safari hii nilienda kuangalia picha mara moja tu kabla ya kuwinda, mchana, tena siku ya mvua ili maji yaoshe nyayo zangu.

Picha zilikuwa zaidi ya mia. Majike, watoto, madume wadogo, wote wanakuja kwenye tawi, hata ambao hawakuchimba chini. Mwishoni kabisa, tarehe 21 Oktoba, alitokea dume mwenye pembe za ncha nane, shingo imevimba, akachimba duara langu akalifanya mara mbili ya nilivyoliacha. Saa nane usiku. Na karibu kila picha ya dume mkubwa ni usiku. Kuna watafiti wa University of Georgia waliwahi kuweka kamera kwenye skrepu za kweli wakakuta kama asilimia 85 ya ziara za madume ni usiku, kwa hiyo mtu akikuambia keti kwenye skrepu tu dume atakuja, mwambie alete tochi. Ila mimi nilikuwa na kitu kimoja: skrepu yangu ilikuwa karibu na kichaka wanacholala kuliko na chakula, hivyo akichelewa kulala au akiwahi kuamka kwangu atapita kukiwa bado kweupe. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo. Skrepu haimtoi dume mbali, inamsimamisha yule ambaye angepita hapo hata hivyo, na inamsimamisha pale ambapo mshale wako unafika.

Upepo ndo ulinipotezea usingizi. Dume mzee mara nyingi haingii kabisa kwenye skrepu, anapita upande ambao upepo unatoka skrepu kwenda kwake, ananusa akiwa yadi 20 au 30, anajua habari zote, anaendelea na safari. Sasa ukikaa upande huo huo atakukuta wewe kabla hajakuta skrepu. Mwaka wa kwanza hivyo ndivyo nilivyokaa. Na jioni kuna kitu kingine, jua likishuka hewa inapoa inaanza kuteremka mteremko kama maji, inaelekea kwenye kijito, hata kama programu ya hali ya hewa kwenye simu inasema upepo unatoka magharibi. Nilichukua unga wa mahindi nikawa naupeperusha kidogo kidogo jioni tatu mfululizo nikiwa mbali na pale, nikaona unaenda wapi. Ulingo wangu nikaupandisha kwenye mwaloni upande wa chini wa mteremko, yadi 18 kutoka kwenye skrepu, ili harufu yangu iangukie kwenye kijito ambako hakuna njia yao, na yeye akitaka kuzunguka kunusa azunguke mbele ya macho yangu. Halafu nikauzungusha ule mzabibu, hili nililifikiria nikiwa nimekaa juu nimechoka, nikausogeza karibu na kigogo cha upande wa pili ili akisimama kuutafuna awe amenipa ubavu, asinielekezee uso.

Sikwenda kukaa kuwinda mpaka tarehe 29. Kulikuwa na mvua siku mbili halafu baridi ikashuka ghafla, asubuhi kioo cha gari kina barafu. Nikapanda saa tisa mchana. Masaa matatu ya kuangalia kindi wanagombana. Vidole vya miguu sivisikii. Saa kumi na mbili na dakika kama kumi, jua karibu linazama, nikasikia majani, sio kama kindi, ni hatua, zinasimama, zinaendelea. Akatoka kwenye kichaka kichwa kiko chini kama mbwa anayefuata kitu.

Akazunguka kweli. Alipita upande wa chini wa skrepu, mbele yangu, akasimama, akainua pua, nikasema basi tena. Pua inatetemeka naiona. Halafu akageuka akarudi moja kwa moja kwenye mzabibu, kana kwamba kaudhika, akauchukua mdomoni akaanza kuutafuna, akainua kichwa akiwa anasugua paji lake, na hapo jicho lake likazibwa na kigogo na pembe zake mwenyewe. Ndo nikavuta upinde. Kama asingeinua kichwa nisingethubutu, maana kuvuta upinde ni mwendo mkubwa na kulungu anaona mwendo kuliko anavyoona rangi. Akaanza kuchimba, udongo unaruka unampiga tumboni nausikia, tu, tu, tu. Nikaachia nyuma ya bega.

Aliruka, akakimbia kama yadi 60, nikasikia vijiti vinavunjika halafu kimya. Nilikaa juu nusu saa nzima kwa saa ya mkononi huku mguu unacheza wenyewe. Damu ilikuwa ya wazi, mwanangu mdogo angeifuata. Nikamfunga lebo yenye jina langu hapo hapo, nikaripoti kwa simu kwa idara ya wanyamapori nikapata ile namba yao ya tarakimu 18, Ohio unatakiwa uwe umeripoti kabla ya saa sita mchana kesho yake, na pia dume unaruhusiwa mmoja tu kwa mwaka wa leseni kwa hiyo kwangu madume yalikuwa yameisha. Mzee alikuja na trekta kusaidia kumtoa. Hakusema hongera, aliuangalia ule mzabibu na tochi, akasema umefunga vibaya, kamba itakatika Novemba.

Haikukatika. Wiki iliyofuata nilienda kuchukua kamera nikaangalia picha za usiku ule ule. Saa saba kasoro, trekta limeondoka masaa machache tu, dume mdogo wa ncha mbili amesimama kwenye duara, ameubana mzabibu mdomoni, amekusanya miguu ya nyuma kukojoa kama wakubwa, na amejikojolea kwenye kwato.