Siku moja ya askari magereza, kwa familia inayoandika wasifu wa marehemu

Wasifu wa askari magereza mstaafu husomwa hivi: aliajiriwa, akapanda cheo, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kazi yenyewe haimo. Mara nyingi familia haikuijua, maana hakuwa akiileta nyumbani. Basi hii hapa zamu moja ya mchana, kati ya zile alizozirudia miaka nenda miaka rudi.

Saa 11:00 alfajiri. Anaamka. Sare ilipigwa pasi jana.

Saa 12:00. Makabidhiano. Anapewa shada la funguo, anazihesabu, analinganisha idadi na ile iliyoandikwa kwenye kibati cha shada, ndipo anatia saini. Akisaini kwanza, ufunguo uliopotea usiku umekuwa wake.

Saa 12:30. Hesabu, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Askari wawili wanahesabu kila mmoja kivyake, kisha wanalinganisha. Hahesabiwi mtu aliyejifunika blanketi: lazima ngozi ionekane, au kifua kinachopanda na kushuka. Tuseme rejista ina 118. Bwenini wapo 112, jikoni 4, zahanati 2. Imetimia. Wakipata 117, hakuna anayesogea hadi warudie. Mara nyingi hajatoroka mtu. Yuko chooni, au aliyepelekwa hospitali usiku hakuandikwa. Askari mzuri hatafuti njia ya kuilazimisha hesabu itimie. Anaanza upya.

Saa 2:00. Karakana. Kila kifaa kina umbo lake lililochorwa ubaoni, hivyo pengo linaonekana papo hapo. Msumeno wa chuma ukivunjika, vipande vyote vinarudishwa na kuunganishwa mezani. Kikipungua hata kipande cha urefu wa kidole, watu wote wanapekuliwa.

Saa 5:00. Uwanjani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinampa mfungwa asiyefanya kazi nje angalau dakika 60 za hewa safi kila siku. Kanuni hizohizo zinataka anayekaa na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha, isipokuwa katika hali maalumu. Anachobaki nacho ni sauti yake, na kuwajua watu. Anamtazama zaidi aliyenyamaza kuliko anayepiga kelele. Aliyeacha kula, anayegawa vitu vyake, aliyetoka kupokea taarifa ya msiba: huyo anaripotiwa leo, halafu analindwa kwa karibu usiku, kwa sababu anaweza kujidhuru.

Saa 8:00. Wageni. Anapekua vifurushi, anasimama mahali anapoona mikono.

Saa 10:00. Hesabu tena, kisha kufuli. Kila mlango anaufunga, halafu anauvuta. Kitabu cha matukio kinafuata: saa, jina, alichokiona kwa macho yake. "Alikuwa na hasira" haifai. "Alipiga sahani ukutani mara 3" inafaa, kwa kuwa maandishi hayo yanaweza kusomwa mahakamani.

Saa 12:00 jioni. Funguo zinarudi kwa idadi ileile. Ufunguo mmoja ukisahaulika mfukoni, huenda kufuli zote unazozifungua zikabadilishwa.

Saa 1:00 usiku. Nyumbani anakaa kimya kwanza, akiutazama mlango. Wengi wao hukaa hivyo hata baada ya kustaafu, na watoto hudhani baba amekasirika. Ametoka kusikiliza milango kwa saa 12.

Saa 4:00. Anafunga mlango wa nje, anauvuta. Kisha anapita chumba cha watoto.