Kumkumbuka kaka, mhandisi wa medani aliyefia Darfur

Kaka yangu alikuwa kapteni wa uhandisi wa medani katika JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Malaria ilimuua akiwa Darfur, magharibi mwa Sudan, na UNAMID, ile operesheni ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika iliyofungwa mwisho wa 2020. Msibani kila aliyeingia aliuliza: "Aliuawa vitani?" Ukijibu malaria, anaguna "aah" na kugeuzia maneno kwingine.

Hiyo "aah" ilimuumiza wifi kuliko mengi. Nikaanza kusoma. Kumbe magonjwa na ajali zimeondoa walinzi wa amani wengi kuliko mashambulizi. Nishani ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa 1997, hupewa wote waliofia kazini wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, awe alipigwa risasi au alilala na homa. Hammarskjöld mwenyewe, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, 1961. Nishani hiyo haivaliwi kifuani. Ni kioo kizito chenye umbo la yai, kimechongwa jina la marehemu na tarehe ya kufa. Nilimsomea wifi yote hayo, akaniambia nirudie ile habari ya homa.

Hitima tunasoma kila mwaka, hiyo haina mjadala. Ila mtoto wake alikuwa mdogo mno, na hitima haimwelezi baba yake alikuwa akifanya nini huko. Baba mdogo alitaka tuandike ushujaa. Nilimkatalia kwa adabu. Nikawaomba wenzake kaka wanitumie ujumbe wa sauti, kwa sharti moja: nielezeni kazi mliyofanya naye, siyo tabia yake. Marehemu wote walikuwa wacheshi na walipenda watu, hilo tunalijua.

Hapo ndipo nilipompata kaka. Mmoja alinieleza mawadi ya Darfur, mito mikavu inayofurika mvua za Julai na Agosti hadi magari ya chakula yanakwama ng'ambo. Kaka alikuwa akishuka korongoni na fimbo kupima udongo kabla ya kuruhusu lori lipite, na madereva walimchukia kwa kuwachelewesha. Mwingine alisimulia walivyojaza mawe kwenye vikapu vya waya kuzuia kivuko kisiliwe na maji. Yupo pia aliyekuwa mwanafunzi wake hapa nyumbani kwenye daraja la Bailey, lile la vyuma vinavyounganishwa kwa pini bila winchi. Fremu moja ina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, hubebwa na watu sita. Kaka alikuwa akiingia kuwa wa sita, cheo akakiweka kando.

Sauti zote nimezihifadhi kwenye simu mbili na kwenye kompyuta ya mpwa wangu, kila moja na jina la msemaji na mahali. Nashauri hivyo, maana simu hupotea. Tarehe 29 Mei, siku ya walinzi wa amani, tunakaa sebuleni kwa wifi tukasikiliza chache. Mtoto hupenda ya madereva. Juzi aliniuliza, "Shangazi, mbona walimchukia kama alikuwa anawaokoa?" Baba mdogo ndiye aliyemjibu, akachukua karibu saa nzima.

Bado namdai sauti yake fundi mmoja wa visima, mstaafu, aliyekuwa naye kambini. Hapendi simu kabisa. Nitamfuata mwenyewe Morogoro.