WebFinger isiachwe mwisho

Wadau wa Kisumu mnaounda seva za mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, tafadhali msiahirishe WebFinger, yaani njia ya seva kugeuza jina la mtumiaji kuwa anwani ya wasifu wake. Bila hiyo, mtu aliye kwenye Mastodon, mmoja wa mitandao hiyo, akitafuta @achieng@mfano.example hampati, hata ActivityPub yenu (itifaki ya seva hizo kuwasiliana) iwe safi namna gani.

Kazi yenyewe ni ndogo. Ombi la GET likija kwenye /.well-known/webfinger?resource=acct:achieng@mfano.example, rudisha JSON yenye "subject" na "links". Kiungo muhimu ni cha rel "self", aina application/activity+json, href ikielekeza kwenye wasifu wa mtumiaji. HTTPS ni lazima. Ndivyo kiwango cha WebFinger, RFC 7033 ya 2013, kinavyotaka. Mtumiaji hayupo? Rudisha msimbo wa HTTP 404. Resource haikutajwa? 400.

Panaposumbua sana ni Nginx, seva ya wavuti inayokaa mbele ya programu yenu. Mara nyingi kuna location /.well-known/ iliyowekwa kwa ajili ya cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt, nayo inameza ombi kabla halijafika kwenye programu. Unaona 404, unapekua kodi usiku kucha, na kodi haina kosa! Ibane hadi /.well-known/acme-challenge/ tu, kisha jaribu kwa curl kutoka mashine nyingine.

Kumbukeni pia seva nyingine hutuma acct%3A na %40 badala ya acct: na @. Kama fremuweki yenu haidekodi yenyewe, dekodini kabla ya kutafuta jina.