Umeme Ulipokatika Kibirizi

Nilikuwa natunza kompyuta ya wanunuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Stakabadhi za magunia yote zilipita kwenye mashine ile moja. Jioni moja, mvua ikinyesha ziwani, nikaanza kusasisha mfumo. Programu zilikuwa bado zinashuka, umeme ukakatika. Feni ikanyamaza.

Nilikaa gizani moyo ukinidunda. Mwaka uliotangulia, kwenye mfumo mwingine, nilikatikiwa na umeme vivyo hivyo. Ule ulikuwa unaandika mafaili mapya juu ya yale ya zamani, basi ukabaki nusu mpya, nusu kuukuu, na haukuwaka tena. Nilihangaika siku tatu nikijaribu kukumbuka nilisakinisha nini na nini. Mzee mmoja alikuwa anakuja kila asubuhi: "Mwanangu, stakabadhi yangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Safari hii nilikuwa nimeshahamia NixOS, mfumo endeshi wa kompyuta. Msingi wake, Nix, chombo cha kusakinisha programu, ulianzishwa mwaka 2003 na Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Kila programu inakaa kwenye folda yake ndani ya /nix/store, na jina la folda linaanza na msururu wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kuijenga. Toleo jipya haligusi la zamani, linakaa kando yake. Mashine inahamia mfumo mpya mwishoni kabisa, kila kitu kikishakamilika.

Saa tatu umeme ukarudi. Nikawasha. Ikatokea orodha ya mifumo niliyowahi kuijenga, kila mmoja na namba na tarehe yake. Wa juu ulikuwa wa wiki iliyopita. Wa jioni ile haukuwamo kabisa. Nikabonyeza, ikawaka. Printa ikatoa karatasi.

Asubuhi yule mzee alipofika nilimwonyesha faili la configuration.nix, kidole changu kwenye mstari wa services.printing.enable = true.

"Printa yako imeandikwa hapa, mzee wangu. Mashine nzima imeandikwa humu."

"Na ikiibiwa?"

Nikanakili faili lile kwenye flashi, pamoja na flake.nix na flake.lock, mafaili yanayotaja matoleo ya programu yanatoka wapi na ni yapi hasa, ili mashine mpya ipate yaleyale. Lakini hesabu zake hazikuwa humo, na nilimwambia hivyo. Mchana nikapanda hadi Mwanga kununua flashi ya pili.